Sayyidna Uthman bin Affan na Kisima cha Ruma

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyejaalia kwa maji uhai wa kila kitu, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu msomaji, hiki ni kijitabu kingine katika silsila yetu ya maisha ya wema waliotutangulia, na safari hii tumemkusudia Khalifa wa tatu, Sayyidna Uthman bin Affan, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Khabari zake ni nyingi mno, na wanazuoni wamejaza majalada kwazo. Sisi hatukutaka kuzikusanya zote. Tumeingia kwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa maji, kwani mtu huyu alinunua kisima akakitoa, akapotewa na pete ya Bwana Mtume (s.a.w.) ndani ya kisima kingine, na mwisho wa umri wake akanyimwa maji ya kisima kile kile alichokitoa. Na lililotutia kuandika ni suala ambalo tumeulizwa darasani si mara moja wala mbili: mtu mwenye mali, au shirika la wenye mali, likinunua kiwanja, likachimba kisima kirefu na kutia pampu, kisha visima vya majirani vikapungua maji au vikageuka chumvi, je, lina haki hiyo kwa kuwa kiwanja ni chake?

NASABA YAKE NA KUSILIMU KWAKE

Sayyidna Uthman alizaliwa miaka sita hivi baada ya Mwaka wa Ndovu, katika ukoo wa Bani Umayya. Nasaba yake inakutana na nasaba ya Bwana Mtume (s.a.w.) kwa Abdu Manafi. Mama yake ni Arwa binti Kurayz, na bibi yake mzaa mama ni al-Baydha binti Abdul Muttalib, shangazi lake Bwana Mtume. Alikuwa mfanya biashara ya nguo; alitajirika zama za Jahiliya, na katika Uislamu mali yake haikupungua. Watu walimjua kwa haya nyingi na ulimi wa upole.

Alisilimu mapema kwa mkono wa Sayyidna Abubakar. Ami yake, al-Hakam bin Abil-As, alimfunga kamba na kuapa kuwa hamfungui mpaka aiache dini mpya. Alipoona hatetereki akamwacha. Akamuoa Bibi Ruqayya binti Mtume, na katika mwaka wa 5 wa Utume, yaani mwaka 615 wa Kizungu, wakavuka bahari pamoja na wenzao wakenda Uhabeshi, ng'ambo hii ya Afrika. Bibi Ruqayya alifariki siku zile za vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, naye mumewe alikuwa amebaki Madina kumuuguza kwa amri ya Bwana Mtume. Kisha akaozwa Bibi Ummu Kulthum, nduguye Ruqayya, na ndiyo maana akaitwa Dhun-Nurain, mwenye nuru mbili.

MAJI YA MADINA

Muhajirina walipofika Madina waliukuta mji wa mitende na visima, lakini maji yake mengi hayakuwaafiki. Mabonde ya Madina hayana mto wa kudumu. Maji hupita siku za mvua, hukatika, na yanayobaki ni yale yaliyozama chini ya ardhi. Kila mtu huyafuata kwa kuchimba. Katika bonde la Aqiq, upande wa kaskazini-magharibi ya mji, palikuwa na kisima cha maji matamu kiitwacho Ruma. Kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akiyauza maji yake: kiriba kimoja kwa kibaba kimoja.

Usikipite kibaba hiki upesi, ewe ndugu yangu. Wale waliohama Makka waliacha nyumba zao na mali zao. Na kibaba ndicho kipimo kilichofanywa na sharia kuwa chakula cha maskini mmoja katika fidia ya siku moja ya saumu. Basi kila kiriba kilichotekwa Ruma kilikuwa kinakula chakula cha mtu mmoja kwa siku moja. Mwenye mke na watoto wanne, na jua la Hijazi unalijua au umelisikia, alikuwa achague anunue maji au anunue tende.

Tena watazame wote wawili, mwenye kisima na mwenye kiu. Bwana Mtume (s.a.w.) alikuwa ndiye mkuu wa mji. Lau angeamrisha kisima kichukuliwe, hapana mkono ambao ungemzuia. Hakufanya hivyo. Imepokewa kwamba alimtaka mwenyewe akiuze kwa chemchemi ya Peponi, naye akatoa udhuru kuwa yeye na watoto wake hawana chumo jingine ila hicho. Udhuru ule haukutupwa, wala mtu hakutishwa. Ila Bwana Mtume hakuwaambia wenye kiu nao wasubiri tu. Aliwatangazia watu kuwa atakayekinunua kisima cha Ruma, akaifanya dalu yake iwe pamoja na dalu za Waislamu, atapata kilicho bora kuliko hicho Peponi.

Sayyidna Uthman akakinunua. Wapokezi wamehitilafiana katika thamani, na hata katika mwenyewe. Iko riwaya isemayo kuwa mwenyewe ni mtu wa kabila la Ghifari, na thamani ni dirhamu 35,000. Iko nyingine isemayo kuwa ni Myahudi, naye alikataa kukiuza chote, akauza nusu kwa dirhamu 12,000, wakapatana kisima kiwe siku ya huyu na siku ya huyu. Siku ya Uthman ilipofika, watu wakateka bure maji ya siku mbili. Siku ya pili mwenzake akakaa ukingoni asipate mteja. Ndipo akamjia Uthman kumlalamikia, akauza nusu iliyobaki kwa dirhamu 8,000. Riwaya hii inapendwa na watu wa masoko, nasi hatushangai, kwani inaonyesha akili ya mfanya biashara aliyejua vipi bei ya kitu inavyoporomoka. Na iko katika Sahihi Bukhari kuwa Uthman alikichimba. Wanazuoni wameziunganisha riwaya hizi kwa kusema kuwa alikinunua, kisha akakizidisha kwa kuchimba.

Awe Mghifari, awe Myahudi, mali yake haikuporwa. Alilipwa, na alilipwa vizuri. Na baada ya malipo yale, maji ya Ruma yakatoka sokoni. Akawa anakunywa tajiri, na maskini, na mpita njia.

Sharti ya dalu ndiyo iliyowashughulisha mafakihi. Mtoaji hakuambiwa ajitenge na kisima, wala hakuambiwa awe mkubwa wake wa kuwagawia watu. Aliambiwa dalu yake iwe moja katika dalu zao. Kwa hadithi hii wanazuoni wametoa hukumu kuwa mwenye kuweka wakfu wa watu wote, kama kisima au msikiti, naye huingia katika kutumia kama mmoja wao. Akija asubuhi amkute mjakazi wa watu ametangulia, hungoja zamu.

WALIYOSEMA WANAZUONI WETU

Sasa tulijibu lile suala la darasani, kwani ni wajibu wetu kusema yaliyo katika vitabu na si yale tu yanayotupendeza.

Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj, mlango wa kuhuisha ardhi mfu, na wengine katika madhehebu yetu wamefuata. Maji ya mito na ya mabonde ni ya watu wote kwa usawa. Maji yaliyokwisha tiwa chomboni ni mali ya aliyeyatia, na kwa hivyo yule mchukuzi wa maji anayepita mitaani na mkokoteni wake, biashara yake ni halali, asimkere mtu. Ama kisima, kina daraja zake. Aliyekichimba katika ardhi isiyo na mwenyewe kwa ajili ya haja yake tu, yeye ana haki ya mbele maadamu yuko hapo, na akihama haki imekwisha. Aliyekichimba kwa kukimiliki, au katika milki yake, maji ni yake kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Hata hivyo yaliyozidi haja yake humlazimu kuyatoa kwa wanyama wa watu bila ya thamani, na roho ya binadamu mwenye kiu ni mbele ya mnyama. Kwa mashamba ya watu hayamlazimu. Na zimepokewa hadithi zenye kutisha juu ya mwenye maji ya ziada njiani akamnyima msafiri, na iliyo mashuhuri kuwa watu ni washirika katika maji na malisho na moto.

Kisha wanazuoni wakaja kwenye harimu ya kisima, yaani eneo lililokizunguka ambalo mwengine haingii. Katika ardhi mfu, mtu hawezi kuja kuchimba mahali ambapo kuchimba kwake kutapunguza maji ya mfereji wa visima uliotangulia, au kutahofiwa kuuporomosha. Hapo maneno ni wazi. Lakini katika ardhi zenye wenyewe, kila mtu katika kiwanja chake, wamesema kuwa mtu hazuiwi kuchimba kisima kwake hata kama maji ya kisima cha jirani yatapungua; kwani huyu anatumia milki yake, na yule anatumia yake.

Hili ndilo neno linaloshikwa na wenye mashirika, nao hawakulizua. Limo vitabuni. Ila wanaolishika huliacha lile lililoandikwa ubavuni mwake, nalo ni kwamba kila mtu hutumia milki yake kwa mujibu wa ada, na akipita mpaka wa ada, hudhamini alichokiharibu. Basi ada ni ipi? Mafakihi waliposema jirani hazuiwi, walikuwa na kisima cha kamba na ndoo mbele ya macho yao, na cha kupita mno ni gurudumu linalozungushwa na ng'ombe. Mkono wa mtu huchoka, na ng'ombe hulala usiku. Pampu hailali. Mimi naona, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, kwamba mwenye kuteka kwa siku moja maji ambayo mtaa mzima hauyateki kwa mwezi, kisha akayatia chupani akayasafirisha, huyo hatumii milki yake kwa ada. Na ikithibiti kuwa kisima cha jirani kimekauka kwa sababu yake, dhamana iko shingoni mwake. Atakayeona vinginevyo na alete hoja, tutaisoma kwa adabu.

Iko na hoja ya pili, juu ya wale wanaosema tumepewa rukhusa na serikali. Abyadh bin Hammal alimjia Bwana Mtume (s.a.w.) akaomba apewe chumvi ya Maarib, katika nchi ya Yemen, naye akampa. Alipokwisha kuondoka, mtu mmoja barazani akaeleza kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika: yeyote afikaye hapo huchota. Bwana Mtume akairudisha rukhusa ile. Madhehebu yetu yameshika hadithi hii kuwa kitu ambacho nafuu yake iko wazi kwa watu wote, mkuu hawezi kumkatia mtu mmoja. Na ikiwa Mtume mwenyewe alirudisha alilokwisha kulitoa pale alipobainikiwa na hakika ya kitu, sioni ni aibu gani kwa mtu wa ofisini kurudisha karatasi yake.

KHABARI YA MALABARI

Suala hili si la vitabu vya kale tu. Tutataja khabari moja ya Malabari, katika Bara Hindi, nchi ambayo sisi watu wa pwani tuna deni kwake la elimu. Kwani Fathul Muin tunayosomesha katika madrasa zetu imeandikwa na mtu wa huko, Sheikh Zainuddin al-Malibari, na Waislamu wa Malabari ni Mashafii kama sisi. Katika wilaya ya Palakkad, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya Malabari wakati wa Waingereza, kiko kijiji kiitwacho Plachimada. Wenyeji wake wengi ni watu wa makabila ya asili, wakulima na vibarua, si Waislamu. Lakini kiu haina dini. Mwaka 2000 kampuni ya Coca-Cola ilianza kazi ya kiwanda hapo, ikivuta maji ya chini ya ardhi kwa visima vyake. Haukupita muda ila wanakijiji wakalalamika kuwa visima vyao vinapungua na maji yamebadilika hayanyweki. Mwaka 2003 baraza la vijiji la Perumatty likakataa kuitia upya leseni ya kiwanda.

Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Kerala. Desemba 2003 hakimu mmoja alihukumu kuwa maji ya chini ya ardhi ni mali ya umma, serikali ni mwekewa amana tu, na kampuni isiteke zaidi ya anachohitaji mwenye ardhi wa kawaida mwenye eneo kama lake. Machi 2004 kiwanda kikasimama. Kisha Aprili 2005 mahakimu wa daraja ya juu katika mahakama ile ile wakaigeuza hukumu, wakaona mwenye ardhi ana haki ya kuteka maji yaliyo chini yake kwa kiasi kinachokubalika, wakairuhusu kampuni liti 500,000 kwa siku. Hata hivyo kiwanda hakikurudi kufanya kazi kama kwanza.

Angalia, ndugu yangu, jinsi mahakimu wale, ambao hawakusoma Minhaj, walivyosimama pale pale waliposimama mafakihi wetu: huyu ameshika milki, na yule ameshika ushirika, na baina yao kuna neno kiasi ambalo kila mmoja analipima kwa kibaba chake.

Kwetu pwani jambo hili lina ubaya wake wa peke yake. Maji matamu ya visiwa na ya ufukweni yamekaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya maji. Ukiteka polepole yanatulia. Ukiyavuta kwa nguvu, chumvi hupanda kutoka chini, na ikishapanda haishuki upesi. Watu wa Lamu wanajua kuwa maji yao yamehifadhiwa na matuta ya mchanga ya Shela, na atakayeyachezea matuta yale amechezea mtungi wa kila nyumba. Mimi mwenyewe katika utoto wangu nilikuwa nikiteka maji ya kutawadhia katika kisima cha msikiti mmoja wa ufukweni. Kamba yake ilikuwa pima nne. Miaka ya karibuni nilipita hapo kwa sala ya Alasiri, nikasukutua, nikatema: maji yamekuwa ya bahari. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na nyumba ya wageni yenye birika la kuogelea na majani mabichi ya mapambo, nayo pampu yake inasikika hata mtu akiwa katika sijida. Mwenyewe hakuvunja sharia yoyote ya serikali. Alinunua kiwanja chake, na hati anazo.

UKHALIFA WAKE

Turudi kwa Sayyidna Uthman. Katika mwaka wa 9 wa Hijra, jeshi la Tabuki lilipokosa zana, alileta ngamia kwa mamia na dinari 1,000. Na imepokewa kuwa wakati wa Sayyidna Abubakar watu walipopatwa na ukame, msafara wake uliingia Madina na chakula. Wafanya biashara wakamwendea wakimpandishia faida, naye akiwaambia kuwa yuko aliyempa zaidi, mpaka wakafahamu kuwa anakusudia ahadi ya Mwenyezi Mungu, akakitoa chote sadaka.

Alishika ukhalifa mwanzo wa mwaka wa 24, baada ya kuuawa Sayyidna Umar, akatawala miaka 12 kasoro siku chache. Katika zama zake Msahafu ulinakiliwa ukapelekwa katika miji mikubwa. Waislamu walipanda bahari wakaenda Kubrus. Na katika mwaka wa 26 aliifanya Jidda kuwa bandari ya Makka mahali pa Shuayba, na mahujaji wa majahazi ya pwani yetu walishukia hapo karne nyingi.

Mwaka huo huo wa 26 aliupanua Msikiti wa Makka, na hapa pana neno zito ambalo mwandishi wa maisha yake hapaswi kulificha. Alinunua nyumba zilizouzunguka. Wako waliokataa kuuza. Akazivunja, akaiweka thamani yao katika Baitul Mali. Walipopiga kelele akawatia kifungoni, akawaambia kuwa Umar aliwafanyia hivyo hivyo wasipige kelele, na kwamba ni upole wake tu uliowapa ujasiri. Baadaye aliombewa akawafungua. Mtu yule yule aliyelipa dirhamu elfu nyingi kwa hiari ya muuzaji wa Ruma, hapa alilipa bila ya hiari. Wanazuoni wamelijuzisha kwa kuwa ni haja ya Waislamu wote na haikudhulumiwa thamani, na sisi tunafuata. Lakini kilio cha wenye nyumba kimeandikwa katika tarikhi, hakikufutwa. Na anayetaka kuchukua ardhi ya watu kwa jina la manufaa ya umma, naye anakusudia kumpa tajiri mmoja, asijitafutie hoja hapa.

Lawama nyingine aliyotiwa ni ya hima, yaani malisho yaliyozuiwa. Imamu wetu Shafii ameeleza asili yake: mkubwa wa Waarabu wa Jahiliya akipenda nchi yenye majani, humpandisha mbwa juu ya kilima akabweka, na pande zote ambazo sauti yake inafika huwa malisho yake peke yake, tena nje ya hapo akilisha pamoja na watu. Bwana Mtume aliivunja hima ya namna hiyo, akaiacha ile ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake tu, kwa farasi wa jihadi na ngamia wa zaka. Walipomshutumu Uthman kuwa ameipanua, alijibu kuwa hima ilikuwapo kabla yake, ngamia wa zaka wamezidi, na yeye mwenyewe, aliyekuwa na ngamia wengi kuliko Waarabu wote siku aliyotawazwa, hana leo ila wawili wa kuhijia. Hata adui zake hawakumtolea ngamia wa tatu. Mbwa yule wa Jahiliya alisikika, na watu wakaujua mpaka. Pampu huvuta chini kwa chini, wala jirani hajui mpaka umefika wapi hata siku kamba ya ndoo yake itakapokuwa fupi.

Katika mwaka wa 30 alikuwa amekaa juu ya ukingo wa kisima cha Arisi, karibu na Kuba, anaichezea pete ya Bwana Mtume (s.a.w.) kidoleni mwake. Abubakar aliivaa, na Umar aliivaa. Ikamponyoka ikaanguka kisimani. Wakateka maji siku tatu wasiione. Wako waliosema kuwa fitina ilianza siku ile.

KUZINGIWA KWAKE

Fitina yenyewe ni ndefu, nasi hatutazama ndani yake, kwani Ahli Sunna hushika ulimi katika yaliyopita baina ya Masahaba. Itoshe kuwa mwaka wa 35 walikuja watu kutoka Misri, na Kufa, na Basra, wakamshutumu kwa watumishi wake na jamaa zake aliowapa vyeo, wakaizingira nyumba yake Madina. Siku zikapita. Kisha wakamkatia maji.

Alikuwa mzee aliyepita miaka 80. Kisima cha Ruma kilikuwa pale pale katika bonde, dalu zikishuka na kupanda, na watu waliomzingira wakinywa. Akachungulia kutoka juu ya nyumba, akawataka kwa jina la Mwenyezi Mungu waseme: je, wanajua kuwa Bwana Mtume alipofika Madina hapakuwa na maji matamu ila ya Ruma, wala mtu hakuyanywa ila kwa thamani, naye akakinunua kwa mali yake akakifanya cha wote? Wakakiri kuwa wanajua. Akauliza kwa nini basi leo yeye ananyimwa kunywa kutoka kisima hicho, hata anakunywa maji ya chumvi kama ya bahari. Hawakuwa na jibu, na njia hawakuifungua.

Aliwakumbusha kisima, lakini hakudai kirudi kwake. Hakusema kuwa kwa kuwa alikinunua ni chake. Alidai dalu moja katika dalu za Waislamu, kama sharti ilivyokuwa tangu mwanzo. Na hapo ndipo unapoona kuwa haki ya watu wote ni dhaifu pale mkono wenye nguvu unaposimama mlangoni: kisima kilikuwa wakfu, mashahidi wako hai, wenye kukizuia wenyewe wamekiri, na bado mwenye kiu hakunywa. Sayyidna Ali alimpelekea viriba vya maji, vikamfikia kwa taabu. Bibi Ummu Habiba, mke wa Mtume, alikuja juu ya nyumbu wake akitaka kumfikishia maji. Wakampiga nyumbu usoni, akakaribia kuanguka.

Masahaba na watoto wao walitaka kumpigania, naye akawakataza wasimwage damu kwa ajili yake. Siku ya Ijumaa, tarehe 18 Mfungo Tatu mwaka wa 35, yaani Juni 656, waliingia wakamuua, naye amefunga saumu na Msahafu uko mbele yake. Mkewe Bibi Naila alijitupa kumkinga, upanga ukamkata vidole.

Walimzika usiku, watu wachache, kwa kuogopa. Walimzika mahali paitwapo Hashi Kaukab, shamba alilokuwa amelinunua yeye mwenyewe pembeni ya Baqii, na wakati wa Muawiya ukuta uliovitenganisha ukaondolewa, shamba likaingia katika makaburi ya Waislamu wote. Ama kisima cha Ruma kipo mpaka leo, si mbali na Msikiti wa Qiblatain.

Wallahu aalam.